Mahandaki ya Maji Yaliyozunguka Nyumba za Mabwana katika Uingereza ya Karne za Kati

Katika mashamba ya mashariki na ya kati ya Uingereza msafiri hukuta mara kwa mara shimo refu lililochimbwa kwa umbo la mraba, pengine lenye maji meusi na majani ya ziwani, pengine lililokauka na kuota miiba, nalo limekizunguka kipande cha ardhi ambacho aghalabu hakizidi ekari moja au mbili. Ndani ya mraba huo huenda pana nyumba ya mkulima, huenda pana miti michache ya matunda iliyozeeka, na mara nyingi hapana kitu ila nyasi. Ng'ombe huteremka humo kunywa, na mpita njia asiyejua mambo ya kale hudhani ni bwawa la kunyweshea tu. Wachunguzi wamekwisha kuhesabu mahali karibu 6,000 pa namna hiyo katika nchi ya Uingereza peke yake, na katika mikoa ya Essex na Suffolk yapo zaidi ya 500 kwa kila mkoa. Sehemu iliyo kubwa ilichimbwa baina ya mwaka 1250 na mwaka 1350, au muda mfupi kabla yake.

Mahali hapa si ngome za wafalme wala za masultani wakubwa wa nchi. Palikuwa makao ya mabwana wadogo wa ardhi, ya watawa waliokuwa na mashamba mbali na nyumba zao za ibada, na hata ya wakulima walio huru waliojipatia mali. Waliokaa humo hawakuandika habari zao, na majina ya wengi yamesalia katika hati za kodi na za mahakama tu, kama yamesalia popote. Kwa hiyo udongo waliouchimba ndio ushahidi mkubwa walioacha, na ushahidi huo ukisawazishwa kwa plau hauna nakala nyingine.

Handaki la namna hii kwa Kiingereza huitwa moat, na historia ya neno hilo yastahili kutangulizwa kabla ya historia ya kitu chenyewe. Asili yake ni neno la Kifaransa cha zamani, motte, ambalo maana yake si shimo bali kilima, yaani kile kichuguu cha udongo ambacho Wanormani walikijenga na kuweka juu yake mnara wa mbao. Neno lilivuka bahari likiwa na maana ya kilima, kisha likateremka polepole toka juu ya kilima hata chini ya shimo lililokizunguka, na leo halina maana nyingine. Mtu aweza kudhani ni kosa la wasemaji, lakini si kosa la ajabu. Maneno mengine mawili ya Kiingereza, ditch na dyke, yametoka katika neno moja la kale lililokuwa likitumika kwa shimo na kwa tuta pia, na hata sasa katika wilaya nyingine za nchi hiyo dyke ni mtaro, na katika nyingine ni boma la udongo. Kazi ni moja: achimbaye shimo hupata tuta pasipo kukusudia, na ainuaye tuta hupata shimo.

Neno la Kiswahili halikupita katika mageuzi hayo. Handaki limetoka kwa Waarabu, nao walilipokea kwa Waajemi, kwao maana yake ni kitu kilichochimbwa. Na wasomaji wa sira ya Mtume hulikumbuka katika Vita vya Handaki vya mwaka wa 5 wa Hijra, yaani 627, wakati Madina ulipochimbiwa shimo kwa shauri la Salman al-Farisi, kama wapokezi wa habari wasemavyo. Handaki lile lilikuwa kavu, na lilikuwa la vita. Vivyo hivyo shimo lililokatwa katika jiwe la matumbawe upande wa bara wa ngome ya Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Msomaji wa Kiswahili, basi, akilisikia neno handaki hutazamia adui upande wa pili. Hapo ndipo penye mtego, maana jambo kubwa ambalo wachunguzi wa mahali hapa wamebishana ni kama adui huyo alikuwako.

Kwanza yafaa kuangalia jinsi kazi ilivyofanywa. Mahali palipochaguliwa palikuwa pa udongo mzito wa mfinyanzi, usiopitisha maji. Wachimbaji walipima mraba, au umbo linalokaribia mraba, wakachimba pande zote nne shimo la upana wa mita tano hata kumi, na mara nyingine zaidi. Udongo uliotoka ulitupwa ndani, ukasambazwa na kushindiliwa, hata uwanja wa kati ukainuka juu ya shamba la jirani na kukauka. Mwingine uliachwa upande wa nje kuwa tuta. Kama mahali palikuwa na mteremko, upande wa chini ulihitaji tuta kubwa la kuzuia maji yasitoroke. Maji yenyewe yalipatikana kwa kugeuza kijito, au kwa chemchemi, au kwa mvua tu iliyokusanyika juu ya mfinyanzi. Pembeni ulikatwa mfereji wa kuingizia maji na mwingine wa kuyatoa, wenye mlango wa ubao wa kufunga na kufungua. Njia ya kuingia ilikuwa daraja la mbao, na baadaye, daraja lilipooza, watu wengi walijaza udongo mahali pake. Kwa hiyo njia ya udongo ionekanayo leo mara nyingi si ya asili.

Kazi hii ilikuwa nzito lakini haikushinda nguvu za kijiji. Bwana wa kile kilichoitwa manor, yaani milki ya ardhi pamoja na wakulima wake, mahakama yake na haki zake, alikuwa na siku za kazi za watwana wake alizoweza kuzidai kwa desturi. Asiyekuwa na watwana alilipa vibarua. Hapo yafaa kukumbuka kwamba katika karne ya 13 watu walikuwa wengi, ardhi ilikuwa haba, na mshahara wa kibarua ulikuwa mdogo sana. Handaki halikuhitaji mawe mazuri ya kujengea, ambayo ni haba Suffolk, wala fundi wa mawe, ambaye malipo yake hayakuwa ya mchezo. Lilihitaji majembe na mikono, na vyote viwili vilikuwapo kwa wingi.

Sasa sababu. Walioandika zamani walisema kwa urahisi kwamba mahandaki ni ya kujikinga, na neno lenyewe liliwashawishi. Hoja hiyo haiwezi kutupwa yote. Mwaka 1285 mfalme Edward wa Kwanza alitoa sheria ijulikanayo kwa jina la mji wa Winchester, ambayo iliamuru vichaka vifyekwe futi 200 kila upande wa njia kuu ziendazo kwenye miji ya masoko, ili wanyang'anyi wasipate pa kuvizia. Nchi inayotunga sheria kama hiyo ina hofu ya kweli. Handaki lenye maji lenye upana wa mita nane halimzuii askari, lakini lamzuia mwizi wa usiku, hasa mwizi wa ng'ombe, maana ng'ombe hawezi kutupwa juu ya ukuta wala kuvushwa majini kimya kimya. Lilizuia moto pia usirukie nyumba za nyasi na mbao, na ukiwaka, maji yalikuwa karibu.

Lakini ramani ya mahandaki haifuati ramani ya vita. Mpakani mwa Uskoti, ambako kila kizazi kiliona majeshi yakipita, mahali hapa ni pachache, na watu wa huko walijenga minara ya mawe. Pamejaa Suffolk na Essex, mikoa ambayo haikuwa uwanja wa vita wa siku zote. Tena mahandaki mengine yana pande tatu tu, na mengine yamezunguka bustani ya matunda huku nyumba ikiwa nje. Mtu anayeogopa adui hazungushii maji miti yake ya tufaha akalala nje mwenyewe.

Walikuja basi wenye hoja ya maji na udongo. Mfinyanzi hushika unyevu; nyumba ya mbao juu yake huoza; kuchimba mtaro na kuinua uwanja ni njia ya kukausha. Hoja hii ni ya busara na yaeleza kwa nini mahandaki yamekaa katika nchi za mfinyanzi. Haielezi kwa nini mtaro wa kukaushia uwe na upana wa mita kumi. Wengine walitaja samaki, na ni kweli kwamba Kanisa liliwakataza watu nyama siku za Ijumaa na muda wote wa Kwaresima, na kwamba samaki wa maji baridi alikuwa chakula cha heshima. Walakini vyoo vya nyumba hizo mara nyingi viliteremkia katika maji yale yale, na bwana aliyependa samaki wake alichimba vidimbwi vya pembeni, ambavyo alama zake huonekana hata leo karibu na mahandaki mengi. Huenda handaki lilifuga mikunga. Mezani kwa bwana samaki alitoka kidimbwini.

Hoja iliyobaki ndiyo yenye nguvu zaidi, nayo ni ya hadhi. Ngome za wakubwa zilikuwa na maji kuzizunguka. Ili kujenga ukuta wenye meno juu yake, bwana aliomba ruhusa ya mfalme, na ruhusa hizo ziliandikwa na kuhifadhiwa. Waliopewa hawakuwa wote watu wa vita: mwaka 1291 Lawrence wa Ludlow, mfanya biashara ya sufu, alipewa ruhusa kwa nyumba yake ya Stokesay mpakani mwa Welisi, ambayo ina handaki na madirisha makubwa mno kwa mtu anayetazamia mishale. Mwenye mali ndogo kuliko Lawrence hakuweza kujenga ukuta wa mawe, wala pengine hakuthubutu kuomba. Kuchimba aliweza. Alipokwisha kuchimba, mgeni aliyekuja kwake hakuweza kuingia ila kwa kupita darajani, mbele ya macho ya watumishi, kama aingiavyo kwa mkuu.

Ushahidi mzuri wa jambo hili watoka katika mkoa wa Warwick. Nusu ya kusini, iitwayo Feldon, ilikuwa nchi ya zamani ya vijiji vikubwa na mashamba ya wazi, ambayo watu walilima pamoja kwa desturi. Nusu ya kaskazini, Arden, ilikuwa msitu, nao ulifyekwa katika karne za 12 na 13 na watu waliopata vipande vyao kwa hati na kulipa kodi ya fedha badala ya kazi ya utwana. Udongo mzito haukosekani Feldon. Lakini mahandaki yako mengi Arden. Alikofika mtu huru akafyeka, akajenga peke yake mbali na kijiji, ndiko alikochimba. Alikuwa na hofu ya mahali pa upweke, hilo halina shaka. Alikuwa pia na haja ya kuwaonyesha majirani kwamba yeye si mtwana wa mtu. Kuzitenga sababu hizi mbili ni kazi ambayo yeye mwenyewe hangeielewa. Jambo kama hili laonekana Ireland pia, katika mikoa ya kusini mashariki iliyotwaliwa na walowezi wa Kinormani, ingawa huko hofu ilikuwa na uzito zaidi.

Hata ngome iliyokamilika kwa sura yaweza kutia shaka. Bodiam, katika Sussex, ilijengwa kwa ruhusa ya mwaka 1385 aliyopewa Edward Dalyngrigge, aliyekuwa amerudi na mali kutoka vita vya Ufaransa, nayo yasimama katikati ya maji mapana yanayopendeza kupita yote. Lakini maji hayo yamezuiwa kwa tuta la udongo upande wa chini, na watu wenye majembe wangeweza kulikata na kuyamwaga. Wanahistoria wamelumbana juu ya Bodiam kwa ukali ambao Dalyngrigge hakuupata kwa adui.

Maneno haya yote yangebaki dhana kama watu wasingechimba tena. Northolt, magharibi ya London, John Hurst na wenzake walifanya kazi kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1950, nao walikuta kwamba watu walikaa mahali pale tangu zama za Wasaxon, zikafuata nyumba za bwana, ndipo handaki likachimbwa, karibu na mwaka 1300. Mtu aliyeitegemea sura ya juu ya ardhi angedhani nyumba na handaki vilizaliwa siku moja. Writtle, katika Essex, Philip Rahtz alichimba kati ya 1955 na 1957 makao ya kuwindia ya mfalme John, ambayo hesabu za hazina ya mfalme zinayapa mwaka wake, 1211. Hayo ni bahati ya nadra: vyungu na misingi vilivyopatikana huko viliweza kutundikwa juu ya mwaka ulioandikwa, na kutoka hapo wachunguzi walipata kipimo cha kupimia vyungu vya mahali pasipo na hati.

La kushangaza kuliko yote lilipatikana Weoley, kusini magharibi ya Birmingham. Roger de Somery alipata ruhusa ya kuimarisha nyumba hiyo mwaka 1264, na mawe yake mengi yalikwisha kuchukuliwa na wajenzi wa baadaye. Lakini katika uchimbaji wa Adrian Oswald, wa miaka ya 1950 na mapema ya 1960, ilionekana chini ya udongo wenye maji sehemu ya jiko la mbao la karne ya 13, kuta zake za ubao zingali zimesimama kwa kimo fulani, mbao zimepandana kama mapezi ya samaki. Mbao za umri huo juu ya ardhi huoza. Humo hewa haikufika, kwa hiyo hazikuoza. Hii ndiyo thamani ya handaki ambayo mchimbaji wake hakuikusudia. Hushika maji, na maji hushika viatu vya ngozi, bakuli za mti, mbegu za matunda, na vumbi la maua ya mimea iliyoota pale miaka 700 iliyopita. Handaki likimwagwa maji ili shamba likauke, yote hayo huoza katika muda wa miaka michache, bila jembe hata moja kugusa.

Na yalimwagwa mengi. Sheria ya kwanza ya kuhifadhi majengo ya kale ya mwaka 1882 ilitaja hasa mawe na makaburi ya kabla ya historia. Mahandaki ya mabwana wadogo hayakuwa na mtu wa kuyasemea. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ilihitaji nafaka, na malisho ya zamani yalipigwa plau. Baada ya vita yalikuja matrekta makubwa, matingatinga, na fedha za serikali kwa mkulima akaushaye shamba lake, hata kazi iliyowachukua vibarua miezi mingi ikafutwa kwa siku mbili. Mkulima hana lawama kubwa katika hili. Aliambiwa ni maendeleo, akalipwa. Wachunguzi waliunda chama cha kuyachunguza mahandaki katika mwanzo wa miaka ya 1970, ambacho mwaka 1986 kiliungana na kile cha vijiji vilivyohamwa, na orodha walizozikusanya zimekuwa msingi wa kuyaingiza mengi katika hifadhi ya sheria, hasa ile ya mwaka 1979.

Yaliyosawazishwa hayakupotea yote. Picha zilizopigwa kutoka angani, ambazo O. G. S. Crawford alizifanya kuwa elimu baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ambazo J. K. St Joseph alizikusanya Cambridge kwa maelfu, huonyesha mraba wa kijani kibichi katika ngano, maana mizizi iliyo juu ya shimo lililojazwa hupata unyevu mwingi. Siku hizi ndege hupima ardhi kwa miali ya leza, na tuta la kimo cha inchi chache, hata lililo chini ya miti, hutokea katika ramani. Hapo mtaalamu husoma mpangilio. Kama matuta ya kilimo cha kale yamekatwa na handaki, basi kilimo kilitangulia na bwana alikuja baadaye akatwaa sehemu ya shamba. Kama matuta yanapinda kulikwepa, handaki ndilo la kwanza. Kijiji kizima chaweza kupata historia yake kwa kupinda kwa mfereji mmoja.

Imesalia habari ya Birmingham yenyewe. Mwaka 1166 mfalme Henry wa Pili alimpa Peter wa Birmingham haki ya kufanya soko kila Alhamisi, na hati ya Kilatini yasema mahali pa soko ni kwenye castrum yake. Neno hilo ni kubwa, lakini kitu alichokuwa nacho Peter kilikuwa nyumba iliyozungukwa na maji, kando ya kijito, na mji ulianza kama vibanda vya wauzaji nje ya daraja lake. Ukoo wake ulikaa humo hata miaka ya 1530, Edward wa Birmingham alipopoteza milki yake, na masimulizi ya mji humtupia lawama John Dudley, ambaye baadaye aliipata. Ramani ya William Westley ya mwaka 1731 yalionyesha handaki lingali na maji, limebanwa na nyumba pande zote. Mwaka 1816 wakuu wa mji walilijaza udongo, na mwaka uliofuata likafunguliwa juu yake soko la mifugo la Smithfield. Barabara ya pembeni iliitwa, na ingali yaitwa, Moat Lane. Katika miaka ya 1970, kabla ya kujengwa masoko mapya ya jumla, wachimbaji walipewa muda mfupi, wakakuta kuta za mawe ya mchanga za karne za kati ndani ya handaki. Saruji ilimwagwa juu yake. Mwaka 2018 wauza jumla walihamishiwa Witton, majengo yakabomolewa, na uwanja ule, ambao ulikuwa soko kwa muda wa miaka 200 na nyumba ya mwenye soko kwa miaka mingi zaidi, ukawa wazi tena, ukisubiri misingi ya majengo mengine.